Mwenye Nyumba Lazima Alale Humo

Jumatatu, 3 Machi

Kodi mpya ya majengo imepita. Nimesikia redioni kazini, mikono yote imejaa plasta, nikashindwa hata kuongeza sauti. Nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe — kodi ndogo, karibu sawa na ya zamani. Nyumba asiyoishi mwenyewe — mara nne. Na haiangaliwi tena ukubwa wa kiwanja. Ni bei ya sokoni. Inaanza Julai.

Nikajisemea hayo ni ya matajiri wenye maghorofa, sisi tumepanga, yanatuhusu nini. Nikarudi kwenye meno yangu. Seti ya juu, ya bibi mmoja anayetaka yawe meupe kuliko ya mjukuu wake. Daktari hapo mbele anang'oa, mimi huku nyuma natengeneza ya bandia. Ndiyo kazi.

Nimefika nyumbani, nakaanga vitunguu, ndipo likanijia. Nyumba ya Mama si ya Mama! Marehemu Baba aliiandika kwa majina yetu, mimi na Kaka, nusu kwa nusu, ili ndugu zake wasije wakamsumbua mjane wake. Aliona amemkinga. Mama anaishi humo na si mwenye nyumba. Sisi ndio wenye nyumba na hatuishi humo.

Mara nne. Vitunguu vimeungua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa, nimekwenda manispaa. Foleni mpaka nje, na wote tuna sura moja, kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Karani kijana, mpole, sauti imemkauka. Amenieleza kama alivyowaeleza wote walionitangulia.

Mama hahesabiki. Kwa sheria yeye ni mkaaji tu. Tukisema tumrudishie nyumba iwe jina lake, huo ni uhamisho kama kuuza, na ushuru wake nao umepandishwa. Hatuuwezi. Ndugu kwa ndugu waliorithi pamoja ndio wanaoweza kuachiana bila ushuru. Na mmoja wetu akihamia, nafuu ni kwa sehemu yake tu. Mwisho wa kuhamia ni tarehe thelathini Juni, na mkaguzi anapita kuhakikisha.

Nimempitia Mama nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa opereta wa simu miaka yake yote ya kazi, kusikiliza anakujua.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi ni mpangaji wa wanangu."

Tukacheka wote wawili. Ila chai yake hakuimaliza.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka amepiga simu. Ana duka la vipuri mji mwingine, safari ya siku nzima, na nyumba yake mwenyewe huko. Alikuwa ameshapiga hesabu. Biashara imelala, watoto wawili wako chuoni, kodi ya nusu yake haiwezi. Tuuze sasa, kabla kila mtu hajauza. Mama tumtafutie kijumba karibu na kwake yeye.

Nikauliza kama amemuuliza Mama. Nikasikia mtu anagonga chuma huko dukani. Halafu akasema tusimchoshe mtu mzima kwa mambo ya sheria.

Ndipo nikatoa wazo linalonizunguka kichwani wiki nzima — mimi nihamie kwa Mama, na yeye aniachie nusu yake kwenye karatasi, tubaki na kodi ndogo. Akasema atafikiri. Kaka akisema atafikiri, ujue ameshakataa, anatafuta maneno.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Fundi. Mume wangu — hata mimi namwita hivyo, kama watu wote wa maghorofa anayoyatengenezea lifti. Alikuwa amefungua pasi, skrubu kazipanga juu ya gazeti. Hakuinua kichwa. Akaniuliza kwa utaratibu, kama anavyomuuliza mtu aliyenasa ndani ya lifti: kwa muda gani, mtoto je, shule je. Yeye je.

Nikasema twende wote. Chumba kipo, ua upo, hata pikipiki itapata pa kulala.

"Mke wangu," akasema, "mwanamume haolewi."

Akafunga pasi. Imebaki skrubu moja. Akaitazama, akaitia mfukoni. Sijamuuliza.

Jumanne, 25 Machi

Leo amekuja Dalali kupimwa meno ya chini. Hata kwenye kadi yake daktari ameandika hivyo hivyo, Dalali. Mtu wa maneno, na kutwa nzima watu wanamtafuta yeye sasa. Nilipomtoa kile kisahani cha kuchukulia vipimo mdomoni, hakunyamaza tena. Nyumba kubwa za kupangisha, anasema, zinakwenda kama nyanya za jioni, mwenye nazo anaomba tu zisilale kwake. Lakini vijumba vya vyumba viwili vimepanda bei mpaka vinatia aibu, maana kila mtu anataka cha kulala mwenyewe. Mtaa wa Mama, nyumba tatu zina kibao cha INAUZWA. Tatu! Mimi nilikuwa nimeona moja.

Nikamuuliza nyumba ya aina ile ya Mama ingefika wapi. Akauliza ni ipi. Nikamwambia. Akauliza mwenzangu wa kwenye hati ni nani. Nikamwambia.

Kwa nini nilimwambia?

Jumatano, 9 Aprili

Karatasi imebandikwa ngazini. Mwenye nyumba wetu, huku tulikopanga, anapandisha kodi kuanzia Julai. Ile ya sasa na nusu yake tena. Sababu: kodi. Lugha yetu nayo — tunachomlipa mwenye nyumba ni kodi, anachoilipa serikali ni kodi. Nilidhani ni uvivu wa maneno. Kumbe waliotangulia walijua ni mfuko mmoja unaopita mikononi, na wa mwisho ndiye anayetoa.

Jirani wa juu anasema tugome. Jirani wa chini ameshaanza kufunga vitu kwenye maboksi.

Fundi amezunguka siku tatu baada ya kazi kutafuta padogo. Padogo ndipo penye moto, kama alivyosema Dalali. Amerudi amechoka, amekaa na viatu miguuni. Amesema mimi na mtoto twende tu kwa Mama. Yeye atabaki mpaka Juni, halafu ataona. Kazi ya lifti inamtaka karibu na mjini, akiitwa afike.

Ni sababu ya kweli. Ndiyo inayonitia wasiwasi. Sababu ya uongo ningeweza kubishana nayo.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumehama. Mizigo haikujaza hata pikapu. Vitu vingi nimemwachia Fundi, nisimwache na kuta tupu. Nimefunga pazia la sebuleni, nikalifungua, nikalirudisha dirishani. Yeye alibeba kila kitu mpaka kwenye gari, akafunga kamba, akavuta kuona kama zimekaza, akavuta tena. Akambeba mwanetu Kidoti, akamweka mbele na dereva, ingawa ana miaka tisa na si wa kubebwa tena. Mimi alinishika bega. Akasema tukifika nimjulishe. Kama nakwenda nchi nyingine! Ni mwendo wa saa moja.

Chumba changu cha usichana. Mama amepaka rangi mwenyewe, ukuta mmoja tu, nyingine zilimshinda. Kitanda kile kile kinacholia. Kidoti ana furaha isiyo na aibu. Ameshajua kuku wa jirani kwa majina, na ameanza kumwita bibi yake "opereta".

Jioni Mama akagonga mlango wa chumbani kwangu. Ana nyundo mkononi.

"Mwenye nyumba, naomba ruhusa nipigilie msumari sebuleni."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Akasimama pale na nyundo yake mpaka niliposema ndiyo. Nimejiuliza tangu saa ile ni utani wa namna gani unaosubiri jibu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeharibu kazi. Seti ya mzee mmoja mstaafu, nimepanga meno kwenye nta yakaonekana sawa, lakini akiuma yanagongana upande mmoja. Amesema kwa adabu zake zote kwamba meno haya ni kama wageni waliokutana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake na hakuna anayeingia. Daktari amecheka. Halafu ameniita pembeni akaniuliza kama nalala vizuri.

Silali vizuri. Taya linauma asubuhi, nasaga. Mimi, ninayewatengenezea watu meno!

Jumapili, 11 Mei

Fundi amekuja kutuona. Amebeba sukari. Sukari! Amepiga hodi getini, akasubiri, ingawa geti lilikuwa wazi. Amekaa ukingoni mwa kiti. Mama amempa kikombe cha wageni, na wote wawili wakaulizana hali mpaka hali zikaisha.

Nimemsindikiza mpaka barabara kuu, yeye akisukuma pikipiki. Njiani tulizungumza habari za bomba la jikoni. Amekonda au ni shati? Nilitaka kumuuliza anakula wapi. Nikamuuliza kama lile pazia bado linashuka upande mmoja. Akasema ameshalitengeneza.

Alhamisi, 15 Mei

Mkaguzi amekuja. Mwanamke, rika langu, viatu vya kutembea mbali, kwapani faili. Si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Aliangalia nguo kabatini. Mswaki. Dawa zangu. Akauliza nafika saa ngapi kutoka kazini, nikamwambia. Mama akamletea maji. Kila kitu kilikwenda vizuri na mimi nikaanza kupumua. Halafu Kidoti akaingia kutoka uani, amebeba daftari lake la shule, na mkaguzi akamwambia kwa upole, kama anavyomwambia mtoto yeyote, hujambo, baba yako analala wapi?

"Baba analala nyumbani," akasema Kidoti.

Nyumbani. Sikuweza kumlaumu, neno ni lake. Mkaguzi aliandika. Sikuona nini. Alipomaliza akanieleza, karibu kwa kuniomba radhi, kwamba sheria inatazama makazi makuu ya familia. Mume yuko kwingine, kwenye nyumba ya kupanga yenye jina lake na vyombo vyetu — yeye mkaguzi ameagizwa aihesabu hiyo ndiyo nyumba yetu, na hapa mimi ni mgeni wa mama yangu. Anaona wengi siku hizi wanaohama kwa mswaki. Hajakataa. Atarudi kabla ya mwisho wa Juni. Mume akiwa hapa naye, atasaini bila neno.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Baada ya mgeni kuondoka akasema mtoto asiulizwe tena chochote, na asionyeshwe kwamba amekosea. Kidoti alikwenda kulala bila kula. Kwa hiyo ameshajua.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwa Fundi. Nilipanda zile ngazi nikajikuta nataka kubisha hodi kwenye mlango ambao nina ufunguo wake.

Nimemweleza aliyoyasema mkaguzi. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Alisema kwa miaka kumi na mbili ameilipa kodi ya paa la mkewe na mwanawe bila kukosa. Sasa serikali inamwambia akalale kwa mama mkwe ili aonekane ni mume. Nikasema si serikali inayomwomba, ni mimi. Akasema kwamba Kaka yangu atasema amefuata nyumba. Watu wote watasema.

Nikamwambia waache waseme. Akasema: "Wewe watakusema siku mbili. Mimi nitapita getini kila siku."

Nimerudi bila jibu. Ngazini maboksi ya jirani wa chini hayapo tena. Mlango wake una kufuli jipya.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike taratibu.

Kaka amekuja. Bila taarifa. Na nyuma yake, akitabasamu kwa meno niliyomtengenezea kwa mikono yangu, Dalali na futi yake ya kupimia! Aliniamkia kwa heshima zote. Kumbe ni yeye aliyemtafuta Kaka: yupo mnunuzi, tajiri anayetaka kubomoa ajenge vijumba vya vyumba viwili viwili. Bei si nzuri, ila mwezi ujao itakuwa mbaya zaidi. Akaanza kupima sebule. Alimwomba Mama asogee kidogo, alikuwa amekaa pale futi inapopita.

Mama akasogea. Akamtazama Kaka, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nusu yako ni ipi, mwanangu? Nataka nijue nikifagia nafagia kwa nani."

Futi ikarudi yenyewe kwenye kopo lake. Dalali akasema atasubiri nje. Kaka akakaa chini. Mtu mzima, mvi zimemwanza, akakaa kwenye kiti kidogo cha Kidoti bila kujua. Akamwambia Mama hataki kumtoa, hajawahi kutaka, lakini anaamka kila siku na hofu, duka linakufa mbele ya macho yake. Mama akasema anajua. Alimsikia tangu alipompigia simu ya salamu Machi, kwa namna alivyopumua.

Tulizungumza mpaka alasiri. Mnunuzi ameambiwa hapana, au basi ameambiwa angoje, sijui Dalali atalifikishaje. Kaka atanisainia nusu yake. Tutaandikiana pembeni kwamba ikija kuuzwa siku moja, tutagawana sawa.

Sharti ni moja. Alinitoa nje kuniambia, kwenye kamba ya nguo.

"Nikisaini, halafu Mungu akakuchukua kabla yangu, mwenye nyumba ni Fundi. Nije nimpigie shemeji hodi kumwona mama yangu? Asihamie hapa, asije akadai ni kwake. Hilo tu."

Nilipaswa kumwambia kuhusu mkaguzi. Pale pale. Neno lilikuwa ulimini. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa amekubali, na nikaogopa nikiligusa litabomoka lote.

Nikasema hatahamia.

Jumanne, 10 Juni

Nimetaka kumpigia Kaka mara tatu. Nimetaka kumpigia Fundi, nimwambie basi, asije tena. Lakini asipokuja, mkaguzi hasaini. Akija, Kaka hasaini. Nimeligeuza kila upande kama seti isiyokaa mdomoni. Nikikwangua huku linapwaya kule.

Mama ananitazama.

Jumatano, 18 Juni

Fundi amepiga simu wakati wa chakula cha mchana. Kelele za mashine nyuma yake. Aliuliza habari za Kidoti, aliuliza habari za Mama. Nikasubiri. Akasema mwenye nyumba ameshampata mpangaji mwingine, hakumngoja hata Julai. Nikauliza atakwenda wapi. Lifti ikafika, au alisema imefika. Akakata.

Alikuwa anataka niseme njoo? Nilishasema mara mbili. Sikulisema tena, kwa sababu ya ahadi niliyompa Kaka. Na Fundi hajui kama ipo ahadi.

Jumamosi, 21 Juni

Kaka yuko sebuleni na wakili. Nimeingia chumbani kuchukua kitambulisho, wakili anataka namba. Nimeshakishika. Naandika nimesimama, daftari juu ya kitanda.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Kaka alimletea Mama kanga, Kidoti alimletea mjomba wake maji ya kunawa. Kaka anasoma kila ukurasa kwa kidole, ametia saini kurasa mbili. Umebaki wa mwisho. Alikuwa anautania, kwamba kalamu hii ni nzito kuliko injini.

Nikiwa hapa nimesikia gari limesimama. Nikachungulia. Pikapu. Fundi anashuka, shati lake la Jumapili. Nyuma kuna godoro limefungwa kamba, sanduku la vifaa, pasi, pazia letu limekunjwa vizuri. Hajapiga hodi. Amesimama nje ya geti, mkono mmoja juu ya godoro, anatazama chini kama mtu anayehesabu mpaka afike namba fulani. Ameacha kila alichosema kuhusu wanaume, amekuja. Kwa ajili yetu. Na mimi ninayemwona, kitu cha kwanza kilichopita kichwani ni: rudi, ngoja nusu saa, zunguka mtaa! Mungu anisamehe.

Dirisha hili halina njia ya kumpungia mkono bila sebule kuona.

Kidoti amemwona. Anapiga kelele uani kwamba baba amekuja na godoro. Sebuleni kiti kimesogezwa. Kaka anauliza ni nani. Wakili anasema jambo, sijalisikia. Mama anasema, "Ni mkwe wangu," na ufunguo wa geti unalia mkononi mwake, anakwenda kufungua.

Naitwa. Kutoka getini mmoja ananiita mke wangu. Kutoka sebuleni mwingine ananiita mdogo wangu. Wote wanangoja niitike.